Mzee Gicheru na Chupa ya Miaka Ishirini na Mmoja

Mtasema Ngige ameanza tena. Semeni. Hii ninayotaka kuwapa hakuna mtu ataiamini, hata wewe mpwa wangu uliyesoma mpaka ukavishwa joho, na wala sikulaumu, maana hata mimi niliyeyaona kuna siku naamka nikiwa na shaka. Ni habari ya mzee wa kanisa, mtu asiyeonja pombe tangu nikiwa na nywele, ambaye alikaa siku tatu mfululizo ndani ya duka la pombe mjini Kitale, mchana kweupe, daftari mkononi, na kazi ya humo ndani akaifanya vizuri kuliko walevi wote wa Trans-Nzoia wakijumlishwa. Mzee huyo ni kaka yangu, Gicheru. Saa hii yuko nje anachambua vitunguu, nami nimekaa mezani pake na kalamu yake, kwa hiyo twende haraka kabla hajaingia.

Kwanza mumjue. Ukifika Kitale ukauliza Gicheru, watakuuliza yupi. Ukisema Gicheru wa Stoo, hata punda atakuelekeza kwa sikio. Kuna watu wenye kipaji cha kulima na kuna wenye kipaji cha kuuza. Chake yeye ni kungoja. Ananunua viazi na vitunguu wakati kila mtu amevuna na hakuna anayevitaka, anavilaza gizani, anavigeuza, anavinusa, anavitembelea asubuhi na jioni kama watu waliolazwa. Halafu vikiadimika sokoni na hoteli zikianza kulia, Gicheru anafungua mlango.

Akishika kitunguu, anaangalia shingo. Shingo nyembamba iliyokauka ikajifunga, hicho kitakaa. Shingo nene na laini, hicho kipikwe leo. Kiazi anakisugua kwa dole gumba. Ngozi ikivuka, hapana. Nimemwona akimkagua mchumba wa binti yetu vilevile, shingo kwanza. Yule kijana alikuwa na shingo nene. Hakukaa.

Sasa, mwezi wa Mei mwaka wa 2003, mwanawe Kabiru, aliyekuwa akifundisha wakulima kule Mabanga karibu na mji wa Bungoma, alipata mtoto wa kwanza na mkewe Jerono. Mtoto wa kiume. Kwetu sisi, mvulana wa kwanza anapewa jina la baba ya baba yake, hakuna kupiga kura. Kwa hiyo mtoto akawa Gicheru. Baba yake Jerono, mzee Kimaiyo, mfugaji wa huko juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, akaongeza jina la kwao, Kipkemboi, ili mtoto asije akasahau upande wa pili. Lakini la kwanza lilikuwa Gicheru, na kaka yangu alitembea Kitale nzima juma lile kama amejizaa mwenyewe.

Siku ya kwenda kuona mtoto, familia zote mbili zilijazana katika nyumba ndogo ya Kabiru pale Mabanga. Rahab, mke wa Gicheru, akampokea mtoto, na kwa kuwa mtoto ana jina la mumewe, alimwita vile nyanya wa kwetu wanavyoita.

"Mume wangu ameamka," Rahab akasema. "Oneni vile amependeza. Hana kitambi, hakoromi."

"Rahab, mimi niko hapa," Gicheru akasema.

"Wewe ni yule wa zamani. Shusha sauti, huyu mpya anataka kulala."

Watu wakacheka, Gicheru naye akacheka, lakini kicheko cha nusu mdomo. Kisha Kimaiyo akasimama, mrefu kama nguzo ya stima, akaegemea fimbo yake.

"Mimi sina maneno mingi," akasema. "Mjukuu nampatia mtamba wa gredi, ile ya maziwa mingi. Akifika kuwa mwanaume, huyo mtamba atakuwa ni boma nzima ya ng'ombe."

Makofi yakapigwa mpaka mtoto akashtuka. Gicheru akatazama alicholeta yeye: shali moja na gunia la viazi. Viazi vizuri, ndiyo, vya ngozi ngumu, lakini kufikia Jumapili ya pili vingekuwa vimeliwa na wageni. Akaona mbele yake miaka yote inayokuja, mjukuu mwenye jina lake akikua, akihesabu ng'ombe za Kimaiyo.

Hapo ndipo akasimama. Mkewe alimvuta koti, akachelewa.

"Mimi," Gicheru akasema, "nitampa huyu mtoto kitu cha mwaka huu huu aliozaliwa. Kitu cha kukaa kimya kikimngoja. Hakitaguswa mpaka afike miaka ishirini na mmoja. Siku hiyo atakifungua mwenyewe, na atajua babu yake alimngoja."

Makofi yakaja, mengi kuliko ya mtamba. Niliyahesabu.

"Ni kitu gani hiyo?" Kimaiyo akauliza.

"Utaona."

"Nitaona mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne?"

"Ukijitunza."

Lakini kumbe Gicheru mwenyewe alikuwa amepiga hesabu nyingine, ile ambayo hakuisema mbele za watu. Alikuwa na miaka sitini na mbili. Baba yetu alikufa na sitini. Mwaka huo wa elfu mbili na ishirini na nne yeye angekuwa na themanini na mitatu, na mtu wa kuangalia shingo na ngozi anajua vizuri vitu vinavyokaa na visivyokaa. Alitaka siku ile awepo, kwa njia yoyote.

Wazo lenyewe alilitoa mbali. Ujanani, kabla ya Uhuru, alikuwa karani wa stoo katika shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, ambaye wafanyakazi walimwita Kofia Mbili kwa sababu alivaa moja juu ya nyingine jua likizidi. Siku binti ya Kofia Mbili alipoolewa, Gicheru alitumwa chini ya nyumba, kwenye chumba cha baridi, alete chupa moja ya divai iliyolala peke yake kwenye rafu. Akaambiwa aibebe ikiwa imelala, asiitikise, kama anabeba mtoto. Ilikuwa ya mwaka aliozaliwa yule binti. Kofia Mbili akaifungua, akanusa, na yule mtu ambaye hakuwahi kumwambia mtu pole hata mtu akianguka kutoka kwenye trekta, akatoa kitambaa akajifuta macho. Gicheru alisimama pale na trei, akashangaa. Alishangaa kwa miaka arobaini.

Basi akaenda kwa Viola.

Viola alikuwa mama wa mjini, mwenye duka la vinywaji karibu na soko la Kitale, mwanamke mcheshi mwenye ulimi kama wembe mpya. Gicheru alizunguka duka mara nne kabla ya kuingia, ili ahakikishe hakuna mtu wa kanisa barabarani. Akavaa miwani. Akaanza kusoma chupa za divai moja moja. Elfu moja mia tisa tisini na tisa. Elfu mbili. Elfu mbili na moja. Uso ukamvimba.

"Mama," akasema kwa ile sauti ya kutangaza sadaka, "hizi vitu zako zote zimeekspaya."

Wateja wawili waliokuwa wakinywa wakaweka glasi chini.

"Mzee, unasema?"

"Hii imeisha miaka mbili iliyopita! Hii, miaka nne! Na umeziweka hapa dirishani kwa jua, karibu na jiko la chipsi! Hata kitunguu hungeweka hapo! Unataka bwana afya aje?"

Mteja mmoja akatoka nje na kutema mate. Viola akazunguka kaunta, akamshika mzee mkono pole pole, kama mtu anayemtoa mgeni kwenye choo cha wanawake.

"Mzee wangu, keti. Hiyo si tarehe ya kuharibika. Huo ni mwaka zabibu zilivunwa."

Gicheru akaketi. Mimi nimemjua kaka yangu maisha yangu yote, na nawaambia alivua miwani akaifuta kwa muda wa mtu kumenya debe la viazi.

"Basi," akasema mwishowe, "nipe ya mwaka huu."

"Ya mwaka huu bado iko kwa pipa huko South Africa. Zile za kukaa hazitoki haraka. Ngoja kama miaka miwili hivi."

"Miaka miwili! Na nimeahidi mbele ya wakwe!"

"Si umesema mtoto atangoja ishirini na moja? Wewe huwezi kungoja mbili?"

Kumwambia Gicheru wa Stoo kwamba hawezi kungoja! Alitoka pale amekasirika, lakini kabla ya kutoka alizihamisha zile chupa zote za dirishani, akazilaza chini ya kaunta penye giza. Hakuweza kuziacha.

Krismasi ikikaribia, akiwa Bungoma kumtembelea mjukuu, akaiona. Katika duka moja la pale mjini, chupa ya divai nyeupe inayometameta, imeandikwa 2003 waziwazi. Aliinunua, akaificha ndani ya gunia la vitunguu, akaibeba mpaka kwa Viola kumwonyesha kwamba watu wa Bungoma wanajua biashara kuliko watu wa Kitale. Viola akaigeuza mara moja tu.

"Hii ni ya kunywa sasa hivi, mzee, ikiwa baridi. Ikifika mwaka ujao tayari imechoka."

Gicheru akaelewa papo hapo, kwa lugha yake. "Kumbe ni kama dania, ikichumwa inanyauka."

"Ni kama dania."

Na mtu hamwekei mjukuu dania ya miaka ishirini na mmoja. Chupa ile alinipa mimi niitupe. Sitasema niliitupa wapi.

Sasa ikawa kungoja, na kungoja huku hakukuwa kama kwa viazi, maana kulikuwa na Kimaiyo. Kila alipokuja Kitale kuuza maziwa alipitia stoo, anasimama mlangoni, fimbo begani.

"Mkwe. Ile mtamba ya mjukuu imekua."

Baadaye: "Mkwe. Mtamba imepandwa."

Baadaye tena, mwanzoni mwa 2005: "Mkwe. Ng'ombe ya mjukuu imezaa, tena jike. Zawadi yako imezaa nini?"

"Zawadi yangu haizai," Gicheru akajibu bila kuinua kichwa. "Inakomaa."

"Iko wapi hiyo inakomaa?"

"Ndani ya pipa."

"Pipa iko wapi?"

"South Africa."

Kimaiyo alicheka mpaka akaketi juu ya gunia, na kicheko hicho kikapanda naye mlima mpaka kwao. Kufikia Jumapili, miteremko yote ilijua kwamba mzee Gicheru ana mali South Africa.

Lakini mwezi wa Septemba mwaka huohuo, Viola akatuma ujumbe. Mtu wake wa Nairobi amemletea divai nyekundu ya 2003, aina tatu, chupa mbili mbili. Gicheru akafika akiwa bado na aproni ya stoo. Zikapangwa mbele yake. Akaziangalia shingo. Zote nyembamba. Akazisugua kwa dole gumba. Zote ngumu. Hapo utaalamu wake ukagonga ukuta.

"Itakaa gani?" akauliza.

"Hiyo sasa mpaka uonje," Viola akasema.

Na hapo ndipo palipokuwa na shida, ndugu zangu. Katika biashara ya mahindi ya Kitale hakuna anayelipia gunia kabla ya kulichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha kinachochota punje za ndani uone kama zimeoza. Gicheru hangeweza kununua kitu cha miaka ishirini na mmoja bila kukichoma. Lakini alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa ameapa mbele ya madhabahu kwamba tone halitapita midomo yake. Alihitaji bambo la kuazima. Akawaza mimi. Akakumbuka ile chupa ya Bungoma, akaacha kuniwaza. Akabaki na mtu mmoja tu ambaye alikuwa na haki kwa mtoto sawa na yeye, na ambaye hakuwa ameapa chochote mbele ya mtu yeyote.

"Kimaiyo," akasema siku ya maziwa, na maneno yakamtoka kama jino, "nahitaji mdomo wako."

Kimaiyo alipoelezwa, hakucheka. Aliweka fimbo chini, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Wakaketi kwa Viola, Kimaiyo na glasi tatu, Gicheru na daftari.

"Namba moja," Gicheru akaamuru.

"Aaa! Tamu. Inateleza yenyewe. Mkwe, chukua hii twende nyumbani."

"Namba mbili."

"Hii pia ni ya heshima."

"Namba tatu."

Uso wa Kimaiyo ukajikunja kama shuka la hospitali. Jicho moja likafunga. "Mkwe! Hii imenishika fizi! Ni kama pera bichi! Ni kama kulamba mlango ya chuma!"

Gicheru akaandika, akafunga daftari. "Vizuri. Kesho tena."

"Kesho?" Viola akashangaa. "Hizi zimefunguliwa, mzee. Hewa imeingia."

"Ndiyo nataka iingie. Viazi mimi sivipimi siku ya kuchimbwa. Navilaza mezani kwanza nione kipi kitaoza mbele ya kingine. Ikishindwa na siku tatu za Kitale, itaweza miaka ishirini na mmoja?"

Viola baadaye aliniambia, na hili ni kweli tupu, kwamba katika miaka yake yote ya biashara hakuwahi kusikia mlevi akisema neno la akili kama hilo.

Siku ya pili namba moja ilikuwa imelala, haina sauti. Namba mbili ilikuwa inajikaza. Namba tatu bado ilimfunga Kimaiyo jicho, lakini nusu tu. Siku ya tatu namba moja ilikuwa siki ya kumwagia chipsi. Namba mbili ilikuwa maji ya kuoshea glasi. Kimaiyo akainua namba tatu, akaivuta puani kwanza, siku hizo mbili zilishamfundisha. Akanywa. Akanyoosha glasi aongezwe, macho yote mawili wazi.

"Mkwe," akasema pole pole, "leo hii imekuwa mtu mzima."

Gicheru alikuwa anaandika neno hilo wakati mlango ulipofunikwa na kivuli. Mwihaki wa kwaya alikuwa amepita barabarani siku zote tatu, na habari alikuwa ameipeleka. Mbele yao alisimama Rahab, mwenyekiti wa akina mama kanisani, amefunga kitambaa cha chama. Kimaiyo akaficha glasi nyuma ya mgongo, akajimwagia.

"Baba Kabiru."

"Mama Kabiru."

"Umekunywa?"

"Sijanywa."

"Nipumulie."

Gicheru akampumulia. Rahab akarudi hatua moja nyuma. Ilikuwa vitunguu tupu, tangu mwaka wa sabini na tano. Akanyoosha mkono, akachukua daftari, akasoma kwa sauti yake ya kusoma matangazo.

"Namba tatu. Siku ya kwanza: Kimaiyo amefunga jicho. Siku ya pili: jicho limefunguka nusu. Siku ya tatu: anataka kuongezwa." Akashusha daftari. "Baba Kabiru, hii ni nini?"

Akamweleza yote, Kofia Mbili, rafu, kitambaa cha macho, kila kitu. Rahab akaketi juu ya kreti ya soda. Alifikiri, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanaume yeyote pale alikuwa ameliwaza kwa miaka miwili mizima.

"Na mtoto akifika ishirini na mmoja awe ameokoka?"

Viola akaanza kufuta glasi iliyokuwa safi. Gicheru akazungusha kalamu.

"Atanusa," akasema. "Si lazima anywe. Atanusa tu, na atajua kuna mtu alimwekea kitu, akakilinda kisiharibike. Mimi sitakuwa hapo, Rahab. Wewe unajua sitakuwa hapo."

Rahab aliinuka, akakung'uta sketi.

"Kwangu haingii," akasema. "Wala kwa stoo. Akina mama wanakutana pale kila Alhamisi, na Mwihaki ana macho. Tafuta pahali. Ukipata, uniambie, nitaifunga."

"Kwangu kuna pango," Kimaiyo akasema.

Wote wakageuka.

"Juu kwangu, huko juu ya Endebess, barabara ya kwenda Suam. Babu yangu alikuwa analaza ng'ombe ndani. Kiangazi, masika, baridi ni ile ile. Giza ni ile ile. Hakuna mtu anaingia, isipokuwa mimi."

Nataka muone uso wa Gicheru. Pango ni zuri, lakini mwenye pango ndiye huyu ambaye siku tatu mfululizo amekuwa akiomba kuongezwa! Ni kumwachia fisi bucha na ufunguo. Akatafuna mdomo wa ndani. Mwishowe ni Rahab aliyelimaliza, maana wake zetu ndio wenye akili na sisi tuna sauti.

"Basi ile ng'ombe ya mtoto, na ndama wake, ziteremke zikae kwangu Kitale," akasema. "Mabanga hakuna nafasi, na kwako tayari kuna ng'ombe nyingi. Nitazikamua mwenyewe. Wewe utalinda chupa ya mkwe wako, na yeye atalinda ng'ombe zako."

Kimaiyo akakuna kidevu. "Na kama chupa ikipata ajali?"

"Ng'ombe nayo itapata ajali," Gicheru akasema. "Kwa Krismasi. Na pilau."

Wakashikana mikono.

Jumamosi iliyofuata pikapu ya Kimaiyo ilishuka na ng'ombe, ikapanda na chupa. Rahab alikuwa ameifunga katika shali ileile waliyompelekea mtoto Mabanga, na Gicheru akaipakata mikononi ikiwa imelala, njia nzima, hataki mtu amsemeshe. Pale Endebess walipokunywa chai, mama mmoja akafunua ncha ya shali ili abariki mtoto. Akaona kizibo. Akafunika tena, akamtazama Gicheru kwa huruma kubwa.

Kufika pangoni, Gicheru hakuiweka mara moja. Alikagua lile pango kama anakagua stoo ya serikali. Aliweka shavu kwenye jiwe asubuhi, akaliweka tena adhuhuri. Baridi ileile. Akapapasa dari kwa kiganja, kila mahali palipofikiwa na mkono, na pasipofikiwa akamwinua Kimaiyo apapase. Kisha akatangaza, nami nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya mawili:

"Hakuna hata tone. Limekauka kuliko stoo yangu. Hapa itakaa."

Kulikuwa na rafu ya jiwe huko ndani kabisa. Akailaza pale, shingo imeinama kidogo, ili divai iguse kizibo. Kizibo kikikauka kinasinyaa kama mpira wa pampu, hewa inaingia. Hilo alilifahamu bila kufundishwa. Mbele yake akasimamisha kibao alichokuwa amechonga mwenyewe: GICHERU, 2003. ISIGUSWE.

Wakasimama wawili wale, kofia mkononi, kama watu waliokuja kwa jambo zito. Kimaiyo akasoma kibao.

"Mkwe, umeandika jina lako au la mtoto?"

"Ni moja," Gicheru akasema.

Kimaiyo akatikisa kichwa pole pole. "Siku hiyo kama haupo, nitamwambia vile nilifunga jicho. Nitamfungia jicho aone."

Hii ndiyo sehemu ambayo Gicheru huiruka akisimulia, lakini mimi siiruki, maana nilisimama hatua tatu nyuma yake na taa. Mabega yakaanza kumtikisika. Akatafuta kitambaa mfukoni, hakukipata, na mzee huyo asiyelia hata kwenye matanga ya mama yetu akaanza kulia, na si tone wala mawili, ndugu zangu, alilia machozi ya kujaza ndoo mbili za kukamulia, yakashuka kwenye jiwe yakafanya kijito, popo wakaamka, kijito kikatoka mlangoni kikateremka mpaka Endebess, ng'ombe wa watu wakaanza kunywa, na Kimaiyo ikabidi avue viatu akunje suruali mpaka magotini ili apate ku

"Ngige. Weka hiyo kalamu yangu chini. Mimi sikulia. Lile pango linavuja."